Mwaka wa Moyo Mkubwa

Tulipomzika Mwalimu Safari kule Qurus, mwaka juzi, msomaji wa wasifu wa marehemu alifika kwenye habari za riadha, akainua macho kutoka kwenye karatasi na kunitafuta katikati ya watu. Alisema marehemu ndiye aliyetoa wakimbiaji kwenye mashamba ya kahawa, na kwamba miongoni mwao alikuwepo binti mmoja ambaye daktari mwenyewe alimpima akathibitisha kuwa ana moyo mkubwa. Watu wakageuka. Wengine wakapiga makofi machache, ya kimsiba. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Si yule pale, Vero. Alikuwa anapanda mpaka getini kama anakwenda kuchota maji." Nikainamisha kichwa kama mtu aliyesifiwa. Mdogo wangu Yustina, aliyeketi kando yangu, alinishika mkono akaubana, wala hakunitazama. Kati ya wote waliokuwa pale makaburini, ni sisi wawili tu tuliojua daktari alikuwa amesema nini, na kwamba hakuwa akinisifu.

Mpaka leo, kabla sijatoka kitandani, naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kusikiliza. Wajukuu wangu wanadhani nasali. Nimewaacha waamini hivyo, kwa sababu kueleza kungenirudisha kwenye mwaka ule, nao ni mwaka ambao nikiuingia nachelewa kutoka.

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano. Waliokuwepo wanakumbuka: sabuni haipatikani, sukari haipatikani, na duka likifunguliwa unga unaotoka ni ule wa mahindi ya meli, uliokuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Sitasimulia jinsi tulivyobaki yatima. Nilikuwa mkubwa, nikaacha shule darasa la tano, nikaingia kuchuma kahawa kwenye shamba moja la mteremkoni, juu ya Karatu. Yustina alikuwa binti wa kuelekea kuvunja ungo, na Agnesi alikuwa bado anapoteza meno ya utoto. Tulikaa mwisho wa laini, yaani ile mistari ya nyumba za wafanyakazi, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye sakafu ya saruji. Nyumba kama ile walipewa madereva. Sisi tuliipata kwa sababu Mwalimu Safari, karani wa stoo aliyewahi kuwa mwanariadha jeshini na aliyefundisha timu ya riadha ya shamba, aliniona siku moja nikikimbia na debe la kahawa kichwani ili niwahi mizani, akaenda kwa meneja kunisemea. Siku tuliyoingia, nyapara alisimama mlangoni na ufunguo akasema, "Kumbukeni, nyumba hii ni ya timu." Agnesi akamuuliza timu inalala chumba gani. Nyapara alicheka, lakini mimi nilielewa. Siku ambayo ningeacha kukimbia, tungeanza kufunga mizigo.

Chumba cha mbele kilikuwa na dirisha moja lililotazama matangi ya kuoshea kahawa, na msimu wa mavuno harufu ya maganda yaliyochacha iliingia mpaka kwenye mablanketi. Tulipikia pale pale, kwenye mafiga matatu karibu na mlango. Nilisonga ugali, nikachemsha mnavu au kunde, nikapakua sahani mbili. Mimi nilikuwa nakwangua ukoko. "Dada, wewe?" Yustina aliuliza kila mara. "Nimekula kwa Mwalimu." Na Mwalimu aliponiuliza kama nimekula, nilimjibu nimekula nyumbani. Maneno hayo mawili yalinifikisha mbali sana. Mwalimu hakuuliza zaidi, kwa sababu wembamba wangu ulimfurahisha. Alikuwa anakuja kabla jua halijachomoza na Landrova ya shamba, ananifuata nyuma polepole kwa sababu ya nyati, huku taa zikinimulika mgongo, na mimi napanda ile barabara ya vumbi jekundu kuelekea geti la Lodoare, mahali mashamba yanapoishia na msitu wa Ngorongoro kuanza. Alitoa kichwa dirishani akasema, "Ukiongezeka hata kidogo, Vero, kile kilima hakitakupokea." Nami nilikuwa siongezeki. Nilikuwa nashinda kila mbio za mashamba, na kila niliposhinda nyumba ilikuwa yetu tena kwa muda.

Mvua za vuli zilipoanza, siku zangu hazikuja. Mwezi uliofuata vilevile. Kusema kweli, nilifurahi. Sabuni hakuna, vitambaa tulikuwa navyo vichache, na kukimbia mbele ya taa za gari katika siku zile ilikuwa fedheha. Nilidhani mwili wangu umenionea huruma. Haikunijia kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa akifuatilia siku zangu kuliko mimi mwenyewe. Nililijua hilo kisimani, nikiwa nimeinama nyuma ya mgomba kufunga kamba ya raba, na wanawake wawili hawajaniona.

"Kamba yake ya nyuma haina kitu tangu vuli."

"Labda anaanika ndani."

"Ndani wapi, na nyumba yenyewe imejaa moshi? Na yule Safari anampitia kila alfajiri."

"Anampitia akakimbie."

"Ndiyo. Na mimi naenda kanisani kusikiliza kinanda."

Wakacheka. Aliyesema mwisho alikuwa Mama Tluway, jirani yetu, mwanamke mrefu aliyefiwa na mumewe, ambaye tulipohamia alituletea moto wa kwanza kwenye kigae. Nilibaki nimeinama mpaka walipoondoka, na nilipotaka kusimama mguu wa kulia uliniuma kwenye muundi, mahali padogo pa kuenea kidole gumba. Maumivu hayo nilikuwa nayo tangu Krismasi.

Kwetu Wairaqw, binti akipata mimba kabla ya kuolewa, wazee walikuwa na neno lake, metimani. Ni kutengwa. Binti huyo na wa nyumbani kwake hawachoti maji kwenye kisima cha wote, hawakatizi kwenye boma la mtu, hawapewi moto wala chumvi, wasije wakawaletea wengine mikosi, mifugo ikafa na mvua ikakimbia. Wakati ule wengi tulikuwa tumebatizwa, na padri alikuwa amekwisha kulisema jambo hilo vibaya madhabahuni. Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa za kusuasua, na watu walikuwa wanatafuta sababu. Hakuna aliyekuja mlangoni kututangazia. Ilianza tu. Yustina alirudi kutoka kisimani na ndoo kavu, akaiweka chini taratibu. "Wameondoa ndoo zao zote nilipofika," alisema. "Mama Tluway amesimama mbele ya maji. Nikamwamkia, hakuitikia." Siku nyingine Agnesi alikwenda kuomba kaa la moto, mlango ukafungwa akiwa bado anabisha hodi. Tukawa tunachota maji kwenye bomba la mashine ya kahawa, mwisho kabisa wa shamba, ambako walikaa watu waliotoka Singida na hawakujali mambo yetu. Jioni tulifunga mlango mapema. Nakumbuka kimya cha chumba kile, sisi watatu tukisikia majirani wakiitana kwa majina kupokezana chumvi, na sauti zikipita mbele ya mlango wetu bila kusimama. Kukanusha nisingeweza. Ningekanushaje, wakati kamba kweli haikuwa na kitu? Na kuhama nisingeweza, maana hakuna mwingine ambaye angetupa chumba. Ili kubaki na nyumba ilinibidi nikimbie, na kadiri nilivyokimbia kamba iliendelea kuwa tupu.

Kilichotusukuma hospitali hakikuwa mguu. Ni mke wa Mwalimu. Alikuja stoo mchana kweupe akiwa na mwiko wenye ugali, mbele ya vibarua, akamwambia mumewe, "Safari, kama una mke mwingine kule mwisho wa laini, niambie nikamsaidie kupika." Mwalimu hakuwa na hatia hata ya kunishika mkono. Kesho yake alinipakia Landrova tukaenda hospitali ya misheni, mwendo mrefu kwenye matope ya masika, na njia nzima hakusema neno ila mara moja. "Wakupime tu waandike kwamba huna kitu. Basi."

Daktari alikuwa Mzungu mzee, aliyejifunza Kiswahili kitabuni, na kila neno alilitamka kama analiweka mezani. Alinipima tumbo. Alinisikiliza kifua kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akanishika mkono huku akitazama saa, akaita sista naye anishike. Wakanipiga picha kifua, wakanipiga picha mguu. Aliniuliza siku zangu zilikoma lini, nikamwambia. Akaniuliza jana nilikula nini. Nilimwambia nimekula nyumbani. Alirudia swali lile lile kwa sauti ile ile, nami nikamwambia ukoko. Ndipo akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na Mwalimu amesimama nje na kofia mkononi.

"Huna mtoto," alisema. "Moyo wako ni mkubwa."

Nikasikia Mwalimu nje akicheka kwa furaha, akimwambia mtu wa kwenye foleni, "Umesikia? Nilijua. Nilijua tangu siku ya debe." Nyayo zake zikaondoka. Daktari hakuwa amemaliza.

"Ni mkubwa kuliko inavyopasa, na unapiga polepole mno. Wakati mwingine unaruka. Wakimbiaji wengine huwa na moyo kama huu, na ni wazima. Wagonjwa wengine pia huwa na moyo kama huu, na huanguka. Mimi sijui wewe ni yupi." Akaweka kidole kwenye picha ya pili, kwenye mstari mwembamba kama unywele. "Lakini hili nalijua. Mfupa huu umepata ufa. Mwili wako haupati chakula, kwa hiyo umefunga mlango wa uzazi, na sasa unakula mifupa. Usikimbie mpaka mvua za vuli. Kula. Ukikimbia, mguu utavunjika. Kuhusu moyo, sitaki kukuahidi."

Niliyarudia maneno hayo yote kwa Mwalimu njiani, kama nilivyoyasikia. Aliendesha akikwepa mashimo. Kisha akasema, "Amesema hajui, sivyo? Yeye hajui. Mimi nakujua." Halafu, baada ya kilima kimoja, kwa sauti ya chini zaidi: "Mbio za Juni ndizo meneja anazozitazama, Vero. Nyumba zile anazitaka kwa madereva wapya. Nimemwomba asubiri Juni." Sikuwahi kuamua kama alikuwa ananidanganya au anajidanganya. Nadhani na yeye alikuwa amefungwa. Tulipofika alisimama katikati ya laini akatangaza kwa sauti kwamba daktari amempima Veronika, hana mimba, ana moyo mkubwa, na picha ipo. Watu wakafurahi. Katika lugha yetu hii, mwenye moyo mkubwa ni mtu asiyechoka, mtu mkarimu, mtu wa kumtegemea, na walikuwa wananijua hivyo tangu zamani. Sasa hospitali ilikuwa imethibitisha. Vibarua walianza kuniita Moyo. Ningesimama wapi niwaambie kwamba neno lile lilikuwa ugonjwa? Nilimwambia Yustina peke yake, usiku.

Mama Tluway peke yake hakutikisika. Nilimsikia jioni hiyo akiongea ng'ambo ya ukuta wa mabanzi, makusudi ili nisikie. "Daktari amepima tumbo. Mgongo amepima? Mimba ya mtu mwembamba hukimbilia mgongoni, inakaa huko hata mwaka." Mtu akamwambia mambo ya mgongoni ni ya zamani. "Na ng'ombe wangu aliyekufa juzi, ni wa zamani?" Basi wanawake wa kisimani wakamsikiliza yeye, na ndoo ziliendelea kuondolewa.

Ilikuwa mwishoni mwa masika, siku ya jua baada ya mvua, niliporudi mazoezini nikichechemea na kukuta vitambaa vinne kwenye kamba ya nyuma. Vilikuwa vimefuliwa, lakini havikufuliwa sana. Vilianikwa upande wa kisima, wazi kabisa, palipo na upepo. Mama Tluway alikuwa amesimama na ndoo akivitazama. Akanitazama mimi, kisha akasema, kana kwamba tulionana jana, "Hujambo, binti yangu. Umeshindaje?" Nikamwamkia. Ndani nilimkuta Yustina ameketi kwenye kigoda, magoti yameshikana, uso mzito.

"Ni vyako?" niliuliza.

"Ni vyangu. Nimeanza juzi." Alikuwa akimenya kunde na hakuinua macho. "Waache waseme ni vyako. Sasa tutachota maji."

"Yustina."

"Dada, mimi naanza na wewe umeacha. Mimi ndiye mdogo." Akaendelea kumenya. "Najua pia hujawahi kula kwa Mwalimu. Nilimuuliza mke wake. Aliniambia hata chai hujawahi kunywa kwao."

Agnesi alikuwa ameshatoka na ndoo mbio kwenda kisimani, na tulimsikia akiwaamkia watu mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, nao wakiitikia. Yustina akangoja zile sauti zikaisha. "Daktari amesema unaweza kuanguka. Ukianguka huko getini, sisi na nyumba hii tutaifanyia nini?" Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nilikuwa nimeyapigia hesabu mambo yote ya nyumba ile, nani ataitaka na nani ataitoa, lakini hesabu hiyo sikuwahi kuipiga. Katika mawazo yangu nilikuwepo siku zote, nimeshika mlango.

Hata hivyo, siku ya mbio nilikwenda. Sitaki mtu adhani kuwa maneno ya mtoto yalinigeuza pale pale. Tulikusanyika sokoni Karatu kwenye ukungu wa Juni, baridi inauma masikio, timu za mashamba zimejikunyata, na Mwalimu akanisugua miguu kwa mafuta ya ng'ombe, akipita juu ya ule muundi kwa uangalifu, maana mahali pale alipajua. "Wawili wa kwanza wanakwenda Arusha," alisema. "Wawili tu, Moyo." Tulipoachiwa, nilikimbia kama nilivyozoea, bila kutazama nyuma, tukaacha maduka, tukapita njia panda ya Oldeani, vumbi likiwa limelala kwa umande. Nilikuwa wa tatu, na waliokuwa mbele yangu niliwahi kuwashinda wote wawili. Kilima kilipoanza, mguu uliacha kuuma kama jeraha ukaanza kuuma kama jino. Kisha moyo ukaruka. Nilikuwa nimezoea kuruka kwake nikiwa nimelala, si nikikimbia. Ni kama kushuka ngazi gizani na kukuta ngazi moja haipo. Ukarudi. Ukaruka tena. Nikaona migongo ya wale wawili ikiingia kwenye ukungu, na geti, mwisho wa mbio, halikuwa mbali.

Sikuanguka. Watu wamesimulia kwamba nilianguka, na nimewaacha. Nilipunguza mwendo, nikatembea, nikaenda kando ya barabara nikaketi kwenye nyasi, miguu yangu nimeinyoosha mbele. Wakimbiaji wengine walipita wakinishangaa. Landrova ikaja, ikasimama.

"Simama, Vero. Wako wawili tu mbele yako."

"Nimewaona."

"Nakujua mimi. Huo moyo ninaujua."

"Haujulikani, Mwalimu. Hata aliyeupiga picha haujui."

Alishuka, akachuchumaa mbele yangu, akaweka kidole gumba kwenye muundi na kubonyeza kidogo tu. Niliruka kama niliyechomwa. Aliuacha mkono wake pale, akautazama mguu kwa muda, na nilimwona akizeeka. Kisha akauliza, si kwa ukali, "Kwa meneja nitasema nini kuhusu nyumba?"

"Mwambie ni ya timu."

Akaninyanyua akanipakia mbele, mahali ambapo hakuwahi kunikalisha. Tuliteremka hadi shambani na hakunilaumu, wala siku zilizofuata hakunilaumu, na ndiyo maana nilikwenda kumzika. Ufunguo nyapara alikuja kuuchukua kabla mwezi haujaisha. Mama Tluway, yeye yule aliyesimama mbele ya maji, ndiye aliyetutafutia chumba cha ndama nyuma ya nyumba ya mwanawe huko Qurus, tukakipiga udongo tukakaa. Sikumwambia kamwe vitambaa vile vilikuwa vya nani. Mfupa ulipona mahindi yalipokomaa, siku zangu zilirudi mwaka uliofuata, na moyo haukupigwa picha tena. Ulikuwa wa mkimbiaji au wa mgonjwa, sijui. Umenifikisha hapa, na bado nausikiliza.

Lakini jioni ile ya mbio nyumba ilikuwa bado yetu. Niliketi kwenye kigoda, mguu nimeuegemeza kwenye gunia, nikasonga ugali wa njano nikiwa nimekaa, Yustina akanisogezea sufuria ya kunde. Nikapakua sahani moja. Nikapakua ya pili. Nikaenda rafuni kwa kujikokota nikachukua ya tatu, nikaipakua ikajaa kama zile mbili, nikaiweka mbele yangu. Yustina alianza kula. Agnesi aliitazama ile sahani, akautazama mlango, akainuka kwenda kuufungua.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Si kuna mgeni?"

"Hakuna mgeni. Keti ule."